Bahari Katika Miwani: Uhalisia Pepe na Elimu ya Mazingira Shuleni

Utangulizi

Kila chombo kipya cha mawasiliano kinapozuka, shule huwa miongoni mwa mahali pa kwanza kinapopigiwa debe. Siku hizi chombo kinachosifiwa ni miwani ya uhalisia pepe. Mtu huivaa usoni ikamziba macho yote mawili, na ndani yake hupata picha mbili, moja kwa kila jicho, ambazo akili huziunganisha zikawa mandhari moja yenye kina. Akigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka. Akitazama juu huona mbingu, akitazama chini huona mchanga wa bahari. Kwa muda mfupi husahau kwamba amekaa kitini darasani.

Wanaoipendekeza miwani hii wanasema kwamba somo la mazingira ndilo litakalofaidika zaidi. Hoja yao ina uzito. Mambo mengi yanayoyaharibu mazingira hayaonekani kwa macho. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Joto la bahari hupanda polepole kwa miaka mingi. Mwamba wa matumbawe hufa chini ya maji ambako wengi wetu hatufiki. Mwalimu anayeyaeleza mambo hayo kwa chaki na ubao humwomba mwanafunzi ayasadiki tu. Miwani, wasema, itamwonyesha.

Wataalamu wa lugha wamekiita chombo hiki uhalisia pepe. Neno hilo pepe tumelizoea katika barua pepe, lakini mkulima wa mpunga analijua kwa maana nyingine iliyo kongwe zaidi: pepe ni punje yenye ganda lakini isiyo na kiini. Mpunga ukipepetwa, pepe huruka na upepo, na punje hubaki katika ungo. Kazi ya mhakiki nayo ni kupepeta. Katika makala haya tutaichunguza kazi moja mashuhuri ya uhalisia pepe iliyotungwa kwa ajili ya kufundishia mazingira, tuitazame kama tunavyotazama kazi nyingine za sanaa, yaani fani yake, maudhui yake na hadhira yake, kisha tujiulize yafaa itumiwe vipi katika shule zetu.

Kazi tunayoihakiki

Mwaka 2016 maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, inayoongozwa na Jeremy Bailenson, ilitoa kazi ya uhalisia pepe kuhusu kuongezeka kwa tindikali baharini, nayo ikatolewa bure ili shule ziweze kuitumia. Kabla ya kuieleza, inafaa tulieleze kwanza jambo lenyewe.

Bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hufanya tindikali. Tangu yalipoanza mapinduzi ya viwanda, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini katika kipimo hiki kila hatua moja ni sawa na badiliko la mara kumi. Kwa hiyo kushuka huko ni sawa na ongezeko la tindikali la karibu asilimia 30. Viumbe wanaojijengea makoa na mifupa ya chokaa, kama vile matumbawe, chaza na konokono wa baharini, hupata taabu ya kujijenga katika maji ya namna hiyo.

Kisa cha kazi hii huanzia barabarani. Mtazamaji husimama karibu na gari, akaona chembe za hewa ukaa zikitoka katika bomba la moshi. Huzifuata chembe hizo mpaka baharini, akaziona zikiungana na maji. Kisha huzama chini ya bahari kando ya kisiwa cha Ischia, Italia. Mahali hapo hewa ukaa hububujika kutoka ardhini kwa sababu ya volkeno, na wanasayansi hupachunguza ili wapate kukisia hali ya bahari ya kesho. Mtazamaji hupewa kazi ya kutafuta na kuhesabu konokono, kwanza mahali penye maji mazuri, na baadaye mahali penye tindikali, ambapo huwakuta wametoweka. Katika majaribio mengine ya maabara hiyo, mtazamaji hakuwa mzamiaji bali alifanywa tumbawe lenyewe, akauona mwili wake ukiharibika.

Fani

Katika upande wa fani kazi hii ina sifa ambazo hatuna budi kuzikubali. Kwanza, inakipa umbo kitu kisicho na umbo. Mwanafunzi aliyeifuata chembe ya hewa ukaa kutoka bomba la gari mpaka majini ameliona badiliko la kikemia likitendeka kama kisa chenye mwanzo na mwisho.

Pili, inamtaka mtazamaji afanye kazi. Asiyehesabu konokono hapati maana ya kisa. Uchunguzi uliochapishwa na watafiti wa Stanford na wenzao mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu waliotembea na kupekua zaidi ndani ya bahari ile ndio walioongeza maarifa zaidi. Mwalimu yeyote atalitambua jambo hilo: anayeshika jembe hujifunza kilimo kuliko anayemtazama mwenye jembe.

Tatu, ile mbinu ya kumfanya mtu awe tumbawe ni jamaa ya tashihisi tunayoijua katika ngano zetu. Msimulizi humpa sungura ulimi wa mtu ili tusikie hekima na hila zake. Hapa msanii amekwenda njia ya kinyume: mtu ndiye anayepewa mwili wa kiumbe cha baharini. Lakini shabaha ni ile ile, nayo ni kuondoa ukuta kati ya binadamu na viumbe wengine.

Hata hivyo kuna jambo moja la msingi ambalo ngano inalo na miwani haina. Msimulizi husema, “Paukwa!” na watoto wote hujibu, “Pakawa!” Bila ya jibu hilo hadithi haianzi. Hadhira ya ngano ni kundi linalosikia pamoja, linalocheka pamoja, linalomkatiza msimulizi na kumwuliza kwa nini fisi hakukimbia. Aliyevaa miwani hana jirani. Haoni uso wa mwenzake wala wa mwalimu wake. Sauti iliyo masikioni mwake haiwezi kuulizwa swali. Na katika darasa lenye wanafunzi 40 na miwani moja, mmoja atakuwa baharini na 39 watakuwa kwenye foleni.

Upungufu huu unaigusa elimu yenyewe. Mwaka 2018 Jocelyn Parong na Richard Mayer, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walilinganisha wanafunzi waliojifunza sayansi kwa miwani na wale waliojifunza somo lile lile kwa picha na maelezo ya kawaida yaliyoonyeshwa katika kompyuta. Waliovaa miwani walifurahi zaidi, lakini waliotumia picha za kawaida ndio waliofanya vizuri zaidi katika mtihani. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake nao walipata matokeo ya namna hiyo: mwanafunzi hujihisi yumo ndani ya mahali anapoonyeshwa, ila anachoelewa huwa kidogo zaidi. Watafiti wa California hawakuishia hapo. Katika jaribio la pili walilikata somo la miwani vipande vipande, na baada ya kila kipande mwanafunzi akatakiwa kuandika kwa muhtasari aliyoyaona. Hapo maarifa yakaongezeka. Twaona basi kwamba kilicholiokoa somo ni kule kusimama na kuyaweka katika maneno yale yaliyoonekana. Wenye ngano walilijua hilo zamani.

Maudhui

Tukiingia katika maudhui tunakutana na swali zito zaidi: ni nani anayelaumiwa katika kisa hiki, na ni nani anayefundishwa kujilaumu?

Maabara hiyo ya Stanford ilikwisha kufanya jaribio jingine ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Baadhi ya wanafunzi wa chuo walivalishwa miwani, wakapewa mkononi chombo kilichotetemeka kama msumeno wa mashine, wakaukata mti mkubwa mpaka ukaanguka kwa kishindo. Wengine walisoma tu maelezo ya kukata mti. Baadaye maji yalimwagwa mezani kana kwamba kwa bahati mbaya, na mwanafunzi akaombwa asaidie kuyapangusa kwa karatasi. Wale waliokuwa wamekata mti ndani ya miwani walitumia karatasi pungufu kwa kiasi cha asilimia 20.

Jaribio hilo linathibitisha kwamba sanaa hii inaweza kugusa tabia ya mtu. Lakini tulitazame vizuri. Anayefundishwa ni kijana wa nchi tajiri, na kosa analofundishwa kuliona ni la matumizi yake: karatasi anazotupa, gari analoendesha. Kwa huyo, somo limefika mahali pake. Tuchukue sasa msichana wa Kidato cha Pili huko Kilwa au Pemba anayekwenda shuleni kwa miguu. Akivalishwa miwani na kusimamishwa karibu na lile gari linalotoa moshi, ajifunze nini? Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Kumfundisha msichana huyu ajione mwenye hatia sawa na yule mwenye gari ni kumtwisha mzigo usio wake. Na kazi ya sanaa isiyotofautisha kati ya aliyechafua na aliyechafuliwa huficha ukweli, hata kama kila chembe iliyochorwa ndani yake ni sahihi kisayansi.

Lakini tusije tukaifanya hoja hii kuwa kichaka cha kujifichia. Pwani yetu ina makosa ambayo ni yetu wenyewe. Uvuvi wa baruti umeivunja miamba ambayo ilichukua mamia ya miaka kujijenga. Mikoko imekatwa kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa. Hakuna mgeni aliyetushika mkono tuyafanye hayo. Elimu ya mazingira iliyo kamili haina budi kumwonyesha mwanafunzi mambo mawili mbalimbali: yale yanayotoka mbali, ambayo taifa letu halina budi kuyadai haki katika mikutano ya dunia; na yale yanayotoka kijijini kwake, ambayo yeye na wazee wake wanaweza kuyasimamisha kesho asubuhi. Kazi tunayoihakiki inalo la kwanza peke yake, tena bila ya kulitaja jina.

Iko pia kasoro ya mahali. Ischia ni miamba ya bahari ya Mediterania. Haifanani na miamba ya matumbawe ya Mafia au Unguja. Tena, adui aliyeishambulia miamba yetu kwa ghafula ni joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na ya Tanzania, yaligeuka meupe, na sehemu kubwa yakafa. Joto na tindikali chanzo chao kikubwa siku hizi ni kimoja, yaani hewa ukaa, lakini namna yanavyodhuru ni mbalimbali. Mwanafunzi aliyeiona Ischia peke yake anaweza kudhani kwamba tumbawe jeupe limeungua kwa tindikali. Mwalimu asiposimama hapo na kusahihisha, miwani itakuwa imepanda kosa kwa picha nzuri, na kosa la namna hiyo ni gumu kung'oa.

Bahari iliyo nyuma ya shule

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba watoto wengi wa pwani hawajapata kuuona mwamba ulio mbele ya kijiji chao. Bahari wanaijua kwa juu: ngalawa, upepo, samaki sokoni. Chini ya maji hawajapata kutazama, na wengi, hasa wasichana, hawakufundishwa kuogelea. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako mwamba umehifadhiwa tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa Zanzibar wamekuwa wakipelekwa na kufundishwa kutumia miwani ya kuzamia, wautazame mwamba kwa macho yao. Miwani hiyo ni kipande cha kioo na mpira tu. Haitaki umeme, na inachoonyesha ni punje.

Wapo pia walimu wasiokuwa na cheti ambao shule huwasahau. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya mashariki ya Unguja wamekuwa wakilima mwani. Wameona kwa macho yao jinsi aina nene ya mwani, iliyo na bei nzuri zaidi, inavyooza na kufa maji yanapopata joto. Mama mmoja kati yao akialikwa darasani kwa saa moja ataeleza badiliko la hali ya hewa kwa Kiswahili safi, na ataulizwa maswali, naye atajibu.

Hatusemi kwamba miwani ya uhalisia pepe haina nafasi. Kijana wa Tabora au Dodoma yuko mamia ya kilomita kutoka baharini. Mwanafunzi mwenye ulemavu huenda asiweze kuzamia. Na hata wa Chumbe hawezi kuiona bahari ya mwaka 2100. Kwa mambo hayo chombo hiki kina faida isiyopingika. Kosa ni kukipa kazi ambayo ufuo wenyewe unaifanya vizuri zaidi.

Kujitegemea

Suala la kujitegemea nalo halikwepeki. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kiboksi cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili ambacho mtu hutia simu ndani yake kikawa miwani ya bei rahisi, na mwaka 2015 ikaanzisha programu ya ziara za mafunzo kwa ajili ya shule. Walimu wa nchi nyingi waliijenga mitaala yao juu yake. Mwaka 2021 kampuni ikaifunga programu hiyo. Aliyeijenga nyumba yake katika kiwanja cha mwingine hana la kusema mwenye kiwanja akikitaka.

Tena sauti inayosimulia katika kazi tuliyoihakiki ni ya Kiingereza. Kiswahili kina maneno ya kutosha kulieleza jambo hili lote, kama makala haya yanavyojaribu kuonyesha: tindikali, hewa ukaa, matumbawe, chokaa. Na ikiwa fedha ni kidogo, kama zilivyo siku zote, shule ijiulize kwanza jiko lake linapikia nini. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umekwisha kutuonyesha njia. Mwanafunzi anayeonyeshwa msitu ndani ya miwani, kisha akatoka nje na kuukuta uji wake ukipikwa kwa magogo mabichi, amefundishwa masomo mawili kwa siku moja, na atakaloliamini ni lile la pili.

Funzo la Mtu ni Afya

Taifa letu limewahi kukitumia chombo kipya kwa busara. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio nchi nzima. Redio nayo ina upungufu kama wa miwani: husema, haisikii. Waliopanga kampeni ile walilifahamu hilo. Waliwakusanya wananchi katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na katika vijiji vingi vyoo vikachimbwa na madimbwi ya mbu yakafukiwa. Redio ilikuwa cheche; kuni zilikuwa ni watu wenyewe.

Tunapendekeza mpango huo huo ufuatwe. Somo lianzie nje, ufuoni, mtoni au msituni, mwanafunzi aguse na ahesabu. Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa mwaka 1980, vina uzoefu mkubwa wa ziara za namna hiyo. Kisha, ikiwa miwani ipo, itumike kwa dakika chache kuonyesha lile tu ambalo jicho haliwezi kuliona. Hapo miwani ivuliwe, na darasa lizungumze: tumeona nini, kimetoka wapi, nani amekifanya, sisi tumo vipi? Wanafunzi watunge ngonjera, upande mmoja mvuvi na upande mwingine tumbawe, waighani mbele ya wazazi. Mwisho pawe na kazi ya mikono: mikoko ipandwe, jiko libadilishwe, barua iandikwe kwa halmashauri kuhusu baruti.

Hitimisho

Kazi ya Stanford ni ya ustadi, na waliyoitunga wanastahili heshima. Inakionyesha kisichoonekana na inaweza kuigusa nafsi. Lakini inamwacha mtazamaji peke yake, inamwonyesha bahari isiyo yake, na haimwambii ni nani mwenye deni. Upungufu huo hauponywi na miwani iliyo bora zaidi. Utaponywa na mwalimu anayejua wakati wa kuivua.

Walimu watakaoletewa chombo hiki wasikikatae kwa sababu ni kigeni, wala wasikipokee kwa sababu ni kipya. Wakitie katika ungo wakipepete. Na kabla ya kuanza kipindi chenyewe, wawaulize wanafunzi wao swali moja: ni wangapi kati yenu mmepata kuuona kwa macho yenu mwamba, mto au msitu ulio karibu na shule hii? Mikono itakayobaki chini ndiyo itakayomwonyesha mwalimu pa kuanzia.